Kitonge na Harufu ya Ukoo wa Mharo

Sogeeni, mlio mbali msogee zaidi. Nikiita, itikeni.

— Tumboni!

— Kuna watu.

— Tumboni!

— Kuna watu.

— Wakubwa kama nini?

— Vumbi ni tembo mbele yao.

— Wanasemaje?

— Simulia, tuwasikie.

Basi hapo kale, wakati chumvi ilikuwa bado tunu, palikuwa na mwanambuzi jike aitwaye Kidoti, kwa sababu ya doa jeupe lililokaa katikati ya paji lake la uso. Mwenye Kidoti alikuwa mama mmoja, jina lake Nyamizi. Lakini hadithi hii si ya Nyamizi, wala si ya Kidoti sana. Hadithi hii iko ndani ya Kidoti. Ingia mdomoni, shuka kooni, pita vyumba vyote vinne vya tumbo la mbuzi, usisimame, endelea mpaka utumbo mwembamba. Hapo ndipo penye mji.

Mji ule ulikuwa na ukuta. Ukuta ulikuwa laini, una joto, umepakwa ute unaovutika kama bamia. Ndani ya ute waliishi wadudu wadogo, wadogo hasa, wale ambao jicho haliwaoni hata likikodolewa. Hawakuwa wadudu wa maradhi. Walikuwa wenyeji. Kidoti akila jani, wao humalizia kile kilichomshinda. Na wao wakishakula, makombo yao humnenepesha Kidoti. Ilikuwa hivyo tangu alipozaliwa, na hapakuwa na aliyemwita mwenzake mpangaji.

Kati yao alikuwamo Kitonge. Mviringo, mfupi, hana mkia wa kuogelea, hana sumu, hana hata nywele za kushikia. Alichojaliwa ni wasiwasi. Akilala, huamka kuhakikisha kwamba amelala. Ukuta ukitikisika gudu-gudu-gudu, ndugu zake husema ni chakula kinashuka. Yeye huenda kuangalia ni chakula gani, kimetoka wapi, na kimekuja na nani.

Na alijaliwa kitu kingine: mkono wa kuchachua. Mpe Kitonge chembe ya sukari, anakutolea siki. Mpe ute, anakutolea harufu ya maziwa mgando mpaka mate yakutoke. Hakuna harufu iliyopita mjini mle ambayo hakutamani kujua imetengenezwaje.

Basi siku moja, jua kali, Kidoti akapita kando ya josho la mifugo akaona dimbwi. Maji yenyewe yalikuwa yamekanyagwa na ng'ombe yakawa rangi ya uji wa ulezi. Kisima hakikuwa mbali. Lakini mbuzi ni mbuzi. Akainama, gubu, gubu, gubu.

Na pamoja na maji akaingia Bwana Mharo.

Wenyeji walimsikia kabla ya kumwona. Vururururu, mkia wake ulizunguka nyuma kama pangaboi. Alikuwa mrefu, amepinda kidogo, ana nywele ngumu za kukamata ukuta, na kiunoni ana kifuko cha sumu. Alikuja na watu wa nyumbani kwake wachache. Akapiga hodi katikati ya mji, akasema ametoka mbali, amechoka, anaomba pa kukaa. Ndugu zake Kitonge wakasema karibu, maana utamzuiaje mlangoni mtu ambaye yuko sebuleni?

Mharo akala sukari yote ya maziwa iliyoshuka mchana ule. Akasema, "Nina njaa." Akala madini ya chuma yaliyokuwa yamewekwa akiba kwenye ute. Akasema, "Nina njaa." Akala makombo ya wenyeji, akala na sahani, kama wangekuwa na sahani. Akajifuta, akasema, "Nina njaa." Halafu akajinyoosha, pasu, akawa wawili. Pasu, wakawa wanne. Pasu, pasu, pasu.

Kitonge alitazama, roho juu. Kilichomtisha si ule ulafi. Kilichomtisha ni utulivu. Mtu ana sumu, ana njaa, ana watu, na hamgusi yeyote. Anangoja nini? Kila baada ya mgawanyiko, ukoo mzima wa Mharo ulinyamaza, ukainua pua, ukaimba taratibu, kiongozi akiuliza na wengine wakijibu:

*Tumetosha?*
*Nusa.*
*Imejaa?*
*Bado.*
*Basi kimya.*
*Kimya.*

Kisha wanarudi kula.

Kitonge akashindwa kuvumilia. Akamwendea Mharo, akajifanya mpishi anayetafuta kazi. Akamsifia mkia. Akamsifia nywele. Akasema kwao hawajawahi kupata mgeni wa kimo kile, na kwamba ingekuwa heshima kumchachulia kitu cha kuteremshia chakula. Mharo akaonja siki yake, akalamba midomo, akamweka jikoni. Na mtu mlafi akishiba robo tu, mdomo hulegea.

"Mnanusa nini, Bwana?" Kitonge akauliza huku anakoroga.

"Tunajinusa wenyewe," Mharo akasema. "Sisi kwetu hatuhesabiani. Kuhesabu watu ni kuwaitia kifo. Babu yangu alihesabu wanawe, jioni hakuwa na wa kumletea maji. Kwa hiyo kila mmoja wetu anatoa jasho, tone moja tu. Tukiwa wachache, harufu ni nyepesi. Tukiwa wengi, mji unajaa. Ukijaa, siku hiyo tunafungua vifuko sote pamoja, tunautoboa ukuta, maji ya mwili wa mbuzi yanamwagika, na kila kilichomo ni chetu."

"Na walinzi wa ukuta?"

"Watatupata tukiwa wachache. Tukiwa wengi, watamshika nani wamwache nani?"

Kitonge akakoroga, akakoroga. Akatoa swali la mwisho. "Na Kidoti je?"

Mharo akacheka mpaka mkia ukatetemeka. "Kidoti ni chungu, mpishi. Chungu kikivunjika, tunahamia kingine. Tutatoka kwenye kinyesi, tutakaa dimbwini, atakuja mbuzi mwingine mwenye kiu. Njoo nasi, utupikie."

Hapo ndipo Kitonge alipopoa mwili mzima. Maana Mharo aliweza kuishi nje, juani, matopeni, popote. Kitonge hakuweza. Watu wa kabila lake hewa ya nje huwaua; ikiwagusa tu, kwisha. Kwake yeye hapakuwa na chungu kingine. Kidoti akifa, anakufa Kitonge, wanakufa ndugu zake wote, na mji wao unakuwa mzoga.

Akatoka jikoni mbio, yaani mbio za mtu asiye na mkia, kubiringika tu, biri-biri-biri, mpaka ukutani kwa walinzi. Zamu ilikuwa ya Shangazi Mezaji. Huyu alikuwa mlinzi mweupe, mpana, hana umbo maalumu, na kazi yake ilikuwa moja: kumeza wahalifu. Alikuwa anasinzia nusu ndani ya ukuta, nusu nje.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Sema haraka, nina usingizi."

Kitonge akamweleza yote, mkia, kifuko, jasho, wimbo. Hakuruka kitu, alipohisi ameruka, alirudi nyuma akaeleza tena. Shangazi Mezaji akapiga miayo.

"Amempiga nani?"

"Bado hajapiga."

"Ametoboa wapi?"

"Bado, Shangazi. Lakini ananuka vibaya."

"Mwanangu, mji huu wote unanuka. Na wewe unanuka. Ningekuwa nameza kwa harufu, ningeanza na ukoo wako, mlivyo wengi na hamfui. Sheria ya ukuta ni moja: simshiki mtu mpaka apige. Akipiga, niite."

"Akipiga watakuwa wengi mno."

"Basi niite mapema," Shangazi akasema, akarudi kusinzia.

Kitonge akasimama pale. Niite mapema. Simshiki mpaka apige. Akayageuza yale maneno upande huu, akayageuza upande ule, kama anayepepeta mchele. Ikiwa hawezi kumzuia Mharo asipige, je, hawezi kumfanya apige upesi? Apige leo, wakati watu wake ni kiganja kimoja, wametawanyika, nusu yao hata hawajapata pa kushika?

Ubaridi ukamwisha, moto ukamwingia. Alichohitaji ni harufu tu. Na harufu, jamani, si ndiyo kazi yake?

Akarudi jikoni. Aliposafisha mabaki ya Mharo, alibakiza tone la lile jasho akalinusa, akalinusa mpaka pua ikafa ganzi. Lilinuka ndizi iliyoiva ikapitiliza, na nyuma ya ndizi palikuwa na kutu. Akaanza kuchachua.

La kwanza likatoka maziwa mgando. Akamwaga.

La pili likatoka ndizi, ndizi safi, unaweza kumpa mtoto. Akamwaga.

La tatu akalitia chembe ya chuma iliyokuwa imedondoka mezani kwa mlafi, akangoja, hakufunua, akajizuia kufunua, akafunua mara moja tu kuhakikisha kwamba hajafunua. Likatoka ndizi na kutu. Akaliweka kando ya tone la Mharo, akafumba macho, akanusa la kulia, akanusa la kushoto, akasahau lipi ni lipi. Akajua limeiva.

Lakini kabla ya kulimwaga alimkumbuka kaka yake, na ndugu wengine. Vita vikianza, ukuta utajitikisa, maji yatakuja kwa kasi, na maji hayaulizi nani mwenyeji nani mgeni. Akaenda kwa kaka yake mkubwa, Utandu, aliyeitwa hivyo kwa sababu aliganda mahali pamoja kama utandu wa wali chini ya sufuria.

"Kaka, nyanyuka. Chukua ndugu zetu wote, mjibanze kwenye vile vishimo vya ukuta, mpaka chini kabisa."

Utandu akauliza kwani kuna nini. Akaambiwa mafuriko yanakuja. Akauliza nani kasema. Kitonge akasema ni yeye.

"Wewe wiki nzima umetuambia mafuriko yanakuja," Utandu akasema. "Ilikuwa mbuzi anakunywa maji."

"Haya hayaji yenyewe, Kaka. Haya nayaleta mimi."

Utandu akamtazama mdogo wake. Hakuwahi kumsikia akisema kitu bila kuongeza 'labda'. Akajibandua ukutani, rrrap, mara ya kwanza tangu azaliwe, akaanza kuwasukuma ndugu shimoni, mmoja baada ya mwingine, huku akilalamika kuhusu mgongo ambao hakuwa nao.

Kitonge akarudi. Akachukua machachu yake yote, akayamwaga kwenye mkondo wa chakula. Fuuuu. Harufu ikapanda. Ikaenda kulia, ikaenda kushoto, ikakunja kona za utumbo, ikajaa kila mkunjo. Ndizi na kutu, ndizi na kutu.

Ukoo wa Mharo ukaacha kula. Pua zikainuka.

*Tumetosha?*
*Nusa.*
*Imejaa?*

Safari hii hapakuwa na 'bado'. Mtoto mmoja wa Mharo, sauti ikimtetemeka kwa furaha, akasema:

*Imejaa.*

*Imejaa*, wakasema wa upande wa pili. *Imejaa, imejaa.* Mikia ikaanza kuzunguka. Mikono ikaenda kwenye vifuko.

"Tulieni," Mharo akasema. Akageuka. Macho yake yakamwangukia mpishi. "Mbona mapema? Tumeingia juzi tu. Jana usiku ilikuwa nyepesi kama pumzi ya mtoto."

Roho ya Kitonge ikaruka ikagonga ukuta ikarudi. Akashika mwiko kwa nguvu.

"Ni baraka ya uzazi wenu, Bwana. Mnakula vizuri."

"Sijashiba hata siku moja tangu nije."

"Basi huenda pua yako imechoka." Kitonge akainamisha kichwa, akasema kwa adabu iliyonyooka kabisa, "Kama Bwana ana shaka, si awahesabu? Wapo hapa wote. Awapange mstari, aanze na kitinda mimba wake. Mmoja, wawili..."

Loo. Ukoo mzima ulirudi nyuma kama umemwagiwa maji ya moto. Akina mama wakawafunika watoto. Mke mkubwa wa Mharo akamwambia mumewe, mbele za watu, kwamba akithubutu kutamka hata "moja" yeye anarudi kwao dimbwini. Mzee mwingine akanong'ona kwamba mkuu anayetaka kuhesabu wanawe amekwishachoka nao. Mharo akatazama huku na huku. Njaa ilimwambia twende. Pua ilimwambia twende. Shaka ilimwambia hesabu. Na kuhesabu hakuweza.

"Nani kasema nahesabu?" akanguruma. "Imejaa. Fungueni."

Wakafungua. Lakini walikuwa wachache, masikini, wachache hasa. Huyu alimwaga tone hapa, mwenzake tone kule mbali, na kati yao ukuta mtupu umelala salama. Tss. Tss. Kama kuchomwa na mwiba. Ukuta haukutoboka. Ukaumia tu kiasi cha kukasirika.

"Shangazi," Kitonge akaita, na sauti yake ndogo ikapasuka. "Wamepiga. Shangazi, wamepiga."

Shangazi Mezaji akafumbua jicho. Akaona doa jekundu kwenye ukuta wake. Usingizi ukamtoka kama shuka.

"Nani kanichoma?"

Akajimwaga nje ya ukuta, na nyuma yake wakajimwaga dada zake, weupe, wapana, wenye hasira za walioamshwa. Kila mwenye kifuko kilicho wazi, gubu. Anayekimbia, gubu. Anayesema hakuwepo, gubu. Mharo akapiga kelele akiwaita watu wake, maelfu kwa maelfu aliowanusa, waje wasaidie. Aliita kulia, hakuja mtu. Aliita kushoto, hakuja mtu. Harufu ipo, watu hawapo. Hapo akaelewa, akamtafuta mpishi kwa macho, lakini ukuta ukawa umeanza kujikunja.

Gudu. Gudu-gudu. Gudu-gudu-gudu-GUDU. Maji yakaja. Mharo akakamata ukuta kwa nywele zake zote. Moja ikakatika, ya pili ikakatika, akabaki ananing'inia kwa moja, akitukana, nayo ikakatika. Prrrrrr, chwaaa. Akaenda, na mkia wake, na njaa yake.

Nje, Nyamizi aliruka nyuma akishika pua. "Kidoti, wewe mtoto, umekunywa maji ya wapi?" Akaenda kuchemsha maji, akatia chumvi kidogo na sukari, akayapoza, akamnywesha taratibu. Kinyesi akakifukia kwa jembe mbali na kisima, akaosha mikono kwa sabuni mpaka viwikoni.

Ndani, maji yakapungua. Kitonge alikuwa amejibanza nyuma ya mkunjo, anamshukuru Mungu, ndipo kivuli cheupe kilipomfunika. Shangazi Mezaji alikuwa amemshika. Na Kitonge, jamani, alikuwa ananuka ndizi na kutu kuanzia juu mpaka chini, kuliko hata Mharo mwenyewe.

"Wewe," Shangazi akasema, mdomo umeshafunguka. "Wewe ndiye mama yao."

Kitonge akaliona giza la koo lile. Akataka kulia. Badala yake, wasiwasi wake wote, ule wa kuhakikisha hili na kuhakikisha lile, ukamletea maneno yakiwa yamepangwa.

"Shangazi, nimempiga nani?"

Mdomo ukasimama.

"Nimetoboa wapi? Nina kifuko? Nina hata mkia? Nanuka, kweli nanuka. Lakini ulinifundisha mwenyewe hapa ukutani kwamba sheria ni moja, na kwamba ukimeza kwa harufu utaanza na ukoo wetu. Ikiwa sheria imebadilika, unimeze. Ila niambie kwanza, niwaeleze na wengine."

Shangazi Mezaji akafikiri. Kufikiri si kazi yake, kulimchosha. Mwishowe akamwachia, akamwambia akaoge, halafu aende kwao. Akajirudisha ukutani, akajaribu kusinzia, tumbo limejaa mno.

Utandu akatoka shimoni na ndugu. Wengine walisombwa, siwafichi, na wale hawakurudi. Lakini waliobaki walitosha kuanza upya. Mji ulikuwa mtupu, msafi, umeoshwa. Jioni Kidoti akatafuna jani moja, kwa uchovu. Halafu jingine. Chakula kikashuka, gudu-gudu, na Kitonge akaenda kuangalia kimekuja na nani.

Sasa fundisho, maana ngano bila fundisho ni porojo, na mimi siwaletei porojo.

Ngano hii inatufundisha kwamba uongo haumfikishi mtu popote. Mtazameni Kitonge. Alidanganya, akaghushi harufu ya ukoo wa watu, akamhadaa mgeni wake, akambana shangazi mzima kwa maneno. Kapata nini? Mpaka leo yuko pale pale, mji ule ule, chakula kile kile, hajawahi kuona hata jua. Lakini Bwana Mharo, mtu wa kweli, aliyesema wazi shida yake kwamba ana njaa, na akaheshimu mila za babu zake hata zilipomponza, yeye alisafiri. Ameona mchana. Ameona jembe kwa karibu sana. Amekaa ndani ya udongo, ametulia, anangoja mvua imrudishe dimbwini, na ulimwengu wote uko mbele yake.

Kwa hiyo, watoto, muwe wakweli, mtatembea.

Hadithi yangu imetoka ilikotokea, nami nimeiweka chini hapa. Atakayeiokota, anawe mikono.